Plagi ya Tandika na Ombwe la Angani

Pale Tandika, wilayani Temeke, bodaboda ikigoma kuwaka fundi huanzia kwenye plagi. Anaifungua, anaifuta masizi, anairudishia waya na kuiegemeza kwenye chuma cha injini, kisha anapiga kiki. Cheche ikiruka, mwenye pikipiki anashusha pumzi. Fundi mzoefu hafurahi upesi hivyo. Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, na humo cheche huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke. Plagi iliyong'aa nje yaweza kuzimika ndani.

Tarehe 4 Aprili 1968 jambo la namna hiyo liliikuta Apollo 6, chombo cha angani kisichokuwa na watu. Injini moja ya hatua ya pili ya roketi yake iliharibika njiani, na ile ya hatua ya tatu ikakataa kuwaka tena. Vijibomba vya kupeleka haidrojeni kwenye viwashio vilikuwa vimekatika, ingawa duniani vilishafaulu majaribio. Wahandisi walipovifungia katika chumba kilichonyonywa hewa, vikakatika tena. Ndipo siri ikajulikana. Haidrojeni ile ina ubaridi wa nyuzi 253 chini ya sifuri, hivyo katika majaribio ya duniani hewa ya nje iligeuka kimiminika juu ya mikunjo ya bomba na kutuliza mtikisiko wake. Dunia ilikuwa imelishika mkono bomba lile, na hakuna aliyejua.

Swali hili, la kama kitu kitasimama tegemeo lake likiondoka, dini inalijua zamani. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar, alipomsikia mtu akimsifu mwenzake, alimwuliza kama amewahi kuishi naye jirani, kushughulika naye katika fedha, au kusafiri naye. Safari! Mzee wa Mbagala anayewahi msikitini kila alfajiri huenda ni mwema kwelikweli. Huenda pia macho ya majirani ndiyo hewa inayomtuliza. Hilo halimfanyi mnafiki. Ni kwamba yeye mwenyewe hajajua bado.

Lakini kuna kisichojaribika kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Hatua zake zote nne zilitumia fueli yabisi, na injini ya aina hiyo ukiijaribu umeshaimaliza. Waliojaribiwa ni ndugu zake; yenyewe iliaminiwa kwa ushahidi wao. Injini ya mwisho iliwaka huko juu kusiko na hewa, kwa mara yake ya kwanza na ya mwisho, na Uhuru ikabaki kwenye mzingo ikipima eksirei za angani hadi mwaka 1973.