MTUMISHI WA NYUMBANI NA HUKUMU ZA NDIMI ZETU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Nyumba nyingi katika mitaa yetu, ikisha sala ya Isha, hukaa mbele ya televisheni kutazama tamthilia za majumba ya zamani: bwana, bibi, watoto, na mtumishi wa kike aliyeingia kwa unyenyekevu kisha akaivuruga nyumba. Mchezo ukisha, hukumu huanza. Wanaume huzitoa barazani juu ya vikombe vya kahawa, na wanawake huzitoa uani na katika simu zao. Tumeyasikiliza maneno hayo, tukaona wengi wasema, “Hao ndio watumishi, hawana shukrani.” Wachache humlaumu bibi kwa ukali wake. Ama bwana wa nyumba, hatukusikia mtu akimtaja.

Hatukusudii leo kueleza hukumu ya kutazama michezo hiyo. Tunakusudia hukumu inayotoka katika vinywa vya watazamaji, kwa sababu hiyo haibaki katika kioo cha televisheni. Hushuka ikamwangukia msichana aliye jikoni, anayeosha vyombo huku akisikia anavyosemwa.

Hadithi ya namna hii si mpya. Mwaka 1960 mtengenezaji filamu wa Korea Kusini, Kim Ki-young, alitoa filamu ijulikanayo kwa jina la The Housemaid. Ni kisa cha mwalimu wa muziki aliyeleta mtumishi kumsaidia mkewe, kisha akazini naye, na nyumba nzima ikaangamia. Imesimuliwa kwamba watazamaji wa wakati ule walipiga makelele wakitaka yule msichana auawe. Walakini mwishoni yule bwana awageukia watazamaji na kuwaonya kwamba jambo lile laweza kumfika mwanamume yeyote. Watu walimlaani msichana, wala hawakuuliza ni nani aliyekuwa na amri ya mlango.

Dini yetu imeliuliza swali hilo kabla ya filamu zote. Katika Sura ya An-Nur Mwenyezi Mungu amewaamrisha kwanza wanaume Waumini wainamishe macho yao, ndipo akawaamrisha wanawake. Na Mtume (s.a.w.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu yake. Mtumishi wa kike si maharimu ya bwana wa nyumba, wala ya vijana wake waliobaleghe. Basi mwenye kumwacha msichana peke yake na mume au na kijana wake, kisha likatokea la kutokea, asianze kwa kumlaani msichana.

Tena tulitazame jina tunalomwita. Wako miongoni mwetu ambao hatta leo husema “kijakazi”, na hilo ni jina la mtumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika mwambao wetu mwaka 1907. Na watu wa Kisauni hupita kila siku Kengeleni, mahali palipopata jina lake kwa kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele ile yatukumbusha kwamba msichana aliyetoka Kinango, Kaloleni au Ganze kuja kutufanyia kazi ni mtu huru, binti wa watu, aliyefunga mapatano ya kazi na ujira.

Na hatta katika zama za utumwa, Mtume (s.a.w.) alisema, katika Hadithi ya Abu Dharr iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavike tunachovaa, tusiwatwike kazi inayowashinda, na tukiwatwika basi tuwasaidie. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mtumwa, ni ipi haki ya aliye huru? Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, akashuhudia kwamba hakuambiwa hatta mara moja neno la kuchukizwa. Nasi kwetu kuna msichana mwenye kikombe chake mbali na sahani yake mbali, alalaye wa mwisho na kuamka wa kwanza, na akiwa ni Mwislamu hapewi wasaa wa kusali.

Ama ujira, Mtume (s.a.w.) amepokea kwa Mola wake kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi kamili, kisha asimpe ujira wake. Na sheria ya nchi pia imesema. Mnamo Novemba 2024 kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Basi kila mwenye nyumba na aangalie alipaye.

Iliwahi kuletwa katika darsa yetu khabari ya nyumba moja iliyopotewa na hereni ya dhahabu. Bibi wa nyumba akaenda kupigiwa ramli, akaambiwa mwizi ni mtu wa ndani asiye wa damu. Akamfedhehesha mtumishi mbele ya majirani, akamtoa bila ujira wa miezi mitatu. Baada ya siku chache hereni ikaonekana ndani ya mto wa mtoto. Bibi yule akauliza: je, kuomba maghufira kwatosha?

Tulimjibu kwamba hakutoshi, kwa sababu ana makosa matatu. La kwanza ni la ramli, na hilo ni baina yake na Mola wake. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mwenye kumwendea mtabiri akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi masiku arubaini. La pili ni ujira, na hilo ni deni. Na amtafute mwenye haki au jamaa zake, ampelekee. Leo fedha hutumwa kwa simu hatta kijijini, basi hakuna udhuru. La tatu ni heshima aliyoivunja. Alimwita mwizi mbele ya majirani, na aseme mbele ya majirani wale wale kwamba hakuwa mwizi.

Hatusemi kwamba watumishi wote ni wema. Mtumishi naye, kama ilivyokuja katika Hadithi, ni mchunga katika mali ya bwana wake, na ataulizwa. Akiiba, kuna ushahidi na kuna mahakama. Ramli si ushahidi, na tamthilia si ushahidi.

Ndugu zetu, binti zetu wenyewe wako Riyadh, Jidda na Dammam, na huko huitwa makadama. Mmoja wao akipiga simu akilia kwamba amenyimwa mshahara, au amefungiwa mlango, mtaa mzima hulia naye, na Imamu huombwa dua. Ni haki kulia. Walakini yatupasa tuulize ni nani amliliaye yule aliye jikoni kwetu. Mama yake naye yuko kijijini akingojea simu, kama tunavyongojea sisi. Tunalolichukia katika nyumba ya Riyadh haliwi halali katika nyumba ya Mtongwe au Mikindani.

Basi kabla ya mchezo wa usiku wa leo, kila mmoja wetu na amwite mtumishi wake kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, amwulize kama amekula, na amlipe analomdai. Kisha, akitaka kusema juu ya watumishi, na aseme.

Ewe Mola wetu, tukinge na dhulma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa, na utusamehe tulivyokosa katika haki za waja wako. Amin.