Sitara na Hadaa

Jambo la kwanza afundishwalo mtu atakaye kuipaka ndege ya mfano rangi za mabaka ni kwamba rangi aitakayo ibaki sharti aifunike. Huanza na ile iliyo nyepesi, akaipiga mgongo mzima wa ndege na kuiacha ikauke usiku kucha. Kisha huchukua ulimbo laini, ule wa kubandikia karatasi ukutani, akausokota juu ya kioo kwa kiganja hata ukawa mwembamba mfano wa tambi, akaulaza juu ya ubawa ukipinda na kupindua kwa kufuata mipaka ya mabaka. Halafu huziba kwa utepe wa karatasi kila pahali asipotaka paguswe na rangi ya pili. Hapo chombo alichokiunda kwa majuma mengi huwa hakitazamiki, kimeviringwa vitambaa vya manjano na vijinyoka vya ulimbo mithili ya majeruhi aliyeruhusiwa hospitali mapema. Juu ya vyote hivyo hupulizwa rangi iliyokoza, bila ya kubagua utepe wala plastiki, na kwa muda wa saa moja hivi hapana ajuaye kilichomo chini ila yule aliyekifunika.

Ndege yangu ilikuwa Spitfire ya mwaka 1940, kwa kipimo cha 1 kwa 48, ambayo mabawa yake kutoka ncha hata ncha hayatimii sentimita 24. Mgongoni ilivaa rangi mbili zilizoamriwa na Jeshi la Anga la Uingereza, udongo uliokoza na kijani kilichokoza, ili rubani adui atazamaye kutoka juu asione ila mashamba na vichaka. Na tumboni ilivaa rangi waliyoiita ya mbingu, ambayo kwa kweli si buluu hata kidogo, bali ni kijani kilichopauka mno, kinachokaribia ganda la yai la bata. Mabaka yenyewe hayakuachiwa hiari ya mpaka rangi. Yalikuwa na mchoro wa amri, na mchoro huo ulikuwa na sura mbili, moja kinyume cha nyingine kama mtu na sura yake katika kioo, ukagawanywa baina ya ndege za namba shufwa na ndege za namba witiri. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa kuwa sikupata kudhani kwamba hata kujificha kuna karani wake na daftari lake.

Nilianza na ubawa wa kushoto, nao ulinitia aibu. Nilipoubandua utepe niliona kijani kimepenya chini yake na kuingia katika udongo, kikafanya vijimeno vidogo pahali nilipotaka mstari safi. Nikauchukua ubawa ule, na ndege yake yote, mpaka kwa fundi rangi mmoja wa magari, mtu ambaye kila siku hufunika vioo kwa magazeti na tepu kabla ya kupiga rangi mlango uliogongwa, nikamwonyesha. Hakucheka. Aliigeuza ndege mkononi kama daktari ageuzavyo mkono wa mtoto, akasema, “Mwalimu, rangi ni maji, ikiona mwanya haikuombi ruhusa. Ukishabandika tepu yako, usikimbilie rangi ya pili. Piga kwanza ile ile ya chini, kidogo tu, pale ukingoni. Hiyo ndiyo itakayoziba mwanya. Na ikipenya, imepenya kwake.” Nilifanya hivyo katika ubawa wa kulia, na mstari ukatoka kama uliokatwa kwa wembe.

Sasa katika majirani zangu yuko mmoja, mtu mcha Mungu apendaye hoja kuliko apendavyo kahawa, ambaye alinikuta barazani nimeinamia kazi hii. Alikwisha kunisamehe zamani habari ya sanamu, kwa sababu ndege ya chuma haina roho na mfano wake hauwezi kushtakiwa kwa kushindana na Muumba. Lakini safari hii alileta shitaka jipya. “Sheikh wangu,” aliniambia, “rangi hii imebuniwa ili jicho liseme hapana kitu pahali penye kitu. Kama huo si uongo, basi nifundishe uongo ni nini.” Alasiri ile sikuwa na jawabu, nikamwongezea kahawa. Niandikayo hapa ni jawabu nililolichelewesha.

Swali lake ni kongwe kuliko ndege. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya kitabu chake Ihya izungumzayo maafa ya ulimi, alilipima jambo hili kwa mizani ya makusudio: maneno ni njia ya kuyafikia makusudio, na kusudio jema likiweza kufikiwa kwa kweli, basi kulifuata kwa uongo ni haramu, lakini likiwa halifikiki ila kwa uongo, hukumu ya uongo hufuata hukumu ya kusudio lenyewe, hata ukawa wajibu pale asiye na hatia alipojificha kumkimbia dhalimu nawe ukaulizwa alipo. Mwaka 1797 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliuchukua mfano unaokaribia kuwa ule ule, wa muuaji asimamaye mlangoni akamuuliza mwenye nyumba kama rafiki yake yumo ndani, akahukumu kinyume kabisa, kwamba hata muuaji huyo haijuzu kumwambia uongo. Namheshimu Kant kwa uthabiti wake. Walakini nisingependa awe jirani yangu usiku wa wevi.

Hata hivyo hoja za wakubwa hawa wawili ni za ulimi, na ndege haikuulizwa neno. Iko njia nyepesi ya kujitoa hapa, nayo ni kusema kwamba kunyamaza si kusema uongo, na kwamba mabaka ni kimya cha rangi tu. Njia hii siipiti, kwa kuwa jirani yangu angenirudisha nayo kabla sijafika mbali. Ndege iliyoachwa na rangi ya bati lake ndiyo inyamazayo. Ile iliyopakwa udongo na kijani haikunyamaza, bali hulinong’oneza jicho la adui kwamba mimi ni shamba, mimi ni kichaka, pita. Nakubali basi kwamba pana neno limesemwa, na kwamba si la kweli. Lililobaki ni kuuliza limesemwa kwa nani.

Itazame tena Spitfire ile ile, usiishie mgongoni. Ubavuni imechorwa duara ya nchi yake, nyekundu, nyeupe na buluu, na mnamo mwaka 1940 duara hiyo iliongezewa pete ya manjano ing’aayo, pete ambayo hapana shamba lolote linaloivaa. Juu ya mabawa imechorwa duara nyingine, ila hapo nyeupe imeondolewa, zikaachwa nyekundu na buluu zilizofifia, kana kwamba mtu anataja jina lake huku akipunguza sauti. Na katika miezi ya mwanzo ya vita, kabla ya rangi ya mbingu kuamriwa mwezi wa Juni 1940, ada ya ndege hizo za ulinzi ilikuwa kupakwa tumboni nusu nyeusi na nusu nyeupe, makusudi watu wao walioko chini wazitambue. Chombo kimoja, kwa wakati mmoja, kilikuwa kikimficha adui habari zake na kumpigia kelele rafiki.

Na ole wake asipomfikia rafiki kwa kelele hiyo. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya Uingereza kutangaza vita, Spitfire za kikosi cha 74 zilizirukia Hurricane, ndege za Uingereza vilevile, za kikosi cha 56 zikidhani ni za Wajerumani, zikaangusha mbili. Rubani Montague Hulton-Harrop akafa, wa kwanza kuuawa vitani katika marubani wa ndege za ulinzi za Uingereza, na mkono uliomuua ulikuwa wa jeshi lake mwenyewe. Adui hakuwapo hewani asubuhi ile. Ilikuwa ni tahadhari ya bure. Sidai kwamba rangi ndiyo iliyomuua, maana hofu na ugeni wa vita vilitosha. Nasema tu kwamba kuanzia hapo sioni tena ajabu yoyote katika duara za rangi kali juu ya chombo kijifichacho. Kutoonekana na adui ni ngao, na kutojulikana na ndugu ni msiba.

Waingereza na Wamarekani walilijua jambo hili kwa ukamilifu wake mwaka 1944. Siku chache kabla ya majeshi yao kushuka Normandy tarehe 6 Juni, baada ya kulificha shauri hili la rangi mpaka dakika za mwisho, walipaka mabawa na viwiliwili vya ndege zao milia mitano mipana, mitatu myeupe na miwili myeusi, juu ya mabaka yaliyogharimu elimu na pesa nyingi. Katika mfano wa kipimo changu kila mlia hupata karibu sentimita moja, na kuuzibia utepe ni taabu kuliko mabaka yote, kwa kuwa mstari ulionyooka hauna pa kuficha kosa. Wakaruka wakiwa punda milia watupu.

Nimemtaja punda milia, na siwezi kumpita bila ya kusimulia ugomvi wake. Mwaka 1909 Abbott Thayer, mchoraji wa Marekani ambaye elimu ya mabaka ina deni kubwa kwake, alitoa pamoja na mwanawe Gerald kitabu kilichoshikilia kwamba rangi za wanyama karibu zote ni za kujificha, hata milia ya punda milia, hata wekundu wa heroe, ambaye kwa kauli yao hujipoteza katika anga la machweo. Mwaka ule ule Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais, aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili kwenda kuwinda bara. Na baada ya kuwatazama punda milia hao kwa macho yake, wakiwa wamesimama nyikani dhahiri kama nguo zilizoanikwa, aliandika kwa ukali kuipinga nadharia ya Thayer. Katika habari ya heroe na punda milia mimi niko upande wa mwindaji. Thayer aligundua kweli moja kubwa, ya kwamba tumbo jeupe la mnyama hufuta kivuli chake, kisha akaipenda kweli hiyo hata akakiona kificho katika kila ngozi. Jirani yangu ni Thayer wa aina nyingine, kwani yeye huona uongo katika kila kificho.

Nilipomweleza haya yote alitikisa kichwa, akasema nimetetea vita, sijatetea rangi. Hapo ndipo nilipomwonyesha kabati. Ndege yangu ilikuwa imekwisha, imesimama nyuma ya kioo juu ya kitambaa cheupe, na kila aingiaye sebuleni huiendea kabla hajaketi. Mabaka ni yale yale, mchoro ni ule ule wa amri, udongo ni udongo na kijani ni kijani, wala hapana mtu aliyefichwa kitu. Kinyume chake, rangi zilizobuniwa ili zisitazamwe ndizo zinazotazamwa kuliko injini na kuliko bunduki. Lau uongo ungalikuwa katika rangi, ungaliingia nayo kabatini. Haukuingia. Ulibaki pale ulipokuwa siku zote, baina ya mtu na mtu, katika haki ambayo mmoja anayo juu ya mwenziwe.

“Na mnafiki je?” aliniuliza. “Yeye naye atasema amejisitiri.”

Swali hili lilikuwa zito kuliko la kwanza, na jawabu lake sikulitoa kwa Ghazali wala kwa Kant, nililitoa kwa fundi wa magari. Lugha yetu ina neno sitara, nalo ni neno la heshima: huomba mtu kwa Mola amsitiri, wala haombi kuwa mwongo, na barakoa ya uso, waliyoivaa wanawake wa pwani na wa Oman, haikumkanusha mwenye kuivaa. Utepe juu ya ubawa ni sitara ya namna hiyo: huifunika rangi ya udongo ili iokoke, na ukibanduliwa huirudisha kama ilivyokuwa. Mwenye sitara ni kama ukingo uliozibwa na rangi yake wenyewe, ambao kinachovuja chini ya kifuniko ni kile kile kilichomo ndani. Ukimkuta faraghani, au katika hasira, au katika ugonjwa, humkuti mtu mwingine, ila yule yule kwa wingi zaidi. Mnafiki amefunika udongo akatia kijani juu yake bila ya kuziba ukingo, na siku ya kubandua hutoka vijimeno. Zaidi ya hayo, yeye humficha rafiki, mke, mshirika na jamaa wa msikitini, watu wenye haki ya kumjua. Duara yake ameifuta ubavuni kwa mkono wake mwenyewe.

Jirani yangu hakusema kwamba ameshindwa, kwa kuwa si ada yake. Alivaa miwani, akafungua kabati, akaitazama ndege kwa karibu sana, ubawa mmoja baada ya mwingine, kisha akaweka ncha ya kidole juu ya ubawa wa kushoto.

“Hapa je?”

“Hapo,” nikamwambia, “sikuziba.”

Nilikuwa nimevisugua vijimeno vingi na kuvipaka upya, lakini kimoja kilinipita. Kipo hata leo, karibu na shina la ubawa, doa la kijani ndani ya udongo, lenye ukubwa wa punje ya mtama.