Rangi Mpya Juu ya Chuma Kilicholika
Kuipaka rangi mashine kuukuu ya kukereza chuma ni kupamba au kughushi? Nyumbani tunaifufua moja ili tuiuze. Kutu tumeikwangua, gia tumezitia grisi. Lakini reli zake zimelika upande chuma kinaposhikwa, kwa kuwa kazi nyingi hufanyika hapo. Chuma kirefu hutoka kinene upande mmoja. Rangi haiponyi hilo.

Wapo wasemao mnunuzi ana macho, akague mwenyewe. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta unyevu ndani, hakumlaumu mnunuzi. Alimuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu waione.

Basi rangi tupake, ila reli tumwoneshe mnunuzi kabla ya kutaja bei. Ikishuka, hiyo ndiyo thamani yake. Wallahu aalam.