Hakuna Kitu au Hatujaona Kitu?

Je, kutokiona kitu ni sawa na kusema hakipo? Nilidhani swali hili ni la darasa la falsafa tu, hadi nilipomsindikiza shangazi yangu kwenye kipimo cha ultrasaundi hapa Juba.

Ultrasaundi haipigi picha kwa mwanga. Hutuma mawimbi ya sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha husubiri mwangwi. Mwangwi ukirudi kwa nguvu, kioo huonyesha weupe; usiporudi, huonyesha weusi. Lakini weusi ni wa aina mbili. Mkojo ndani ya kibofu huonekana mweusi kwa sababu sauti imepita bila kizuizi: hapo pamechunguzwa. Nyuma ya jiwe la nyongo huwa peusi kwa sababu sauti imezuiwa. Weusi huo huitwa kivuli cha sauti, na ndani ya kivuli hapajachunguzwa. Gesi ya tumboni nayo huzuia sauti.

Ripoti ya shangazi iliandikwa kwa Kiingereza: kongosho halikuonekana kwa sababu ya gesi. Yeye hajui Kiingereza, akaniuliza. Nikamjibu kwa Kiarabu cha Juba, "Mafi haja," yaani hakuna kitu. Alimshukuru Mungu, tukarudi nyumbani, na hakwenda tena kupimwa hadi maumivu yalipomlaza kitandani miezi miwili baadaye.

Wapo watakaosema nilimtuliza moyo, na mgonjwa anahitaji faraja. Ni kweli, lakini faraja yangu ilimnyima nafasi ya kuamua mwenyewe. Wengine watasema nilikosea tafsiri tu, si maadili. Sikubaliani nao. Nilijua tofauti ya maneno hayo mawili. Nilichagua lililokuwa jepesi kwangu kulitamka.

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Hawakusema kwamba gizani hamna kitu. Kwa hiyo jibu langu ni hili: anayesema "hakuna" lazima kwanza awe amepafikia mahali anapopasemea. Kama hajapafikia, aseme "hatujaona", hata kama neno hilo litamkosesha msikilizaji usingizi.

Shangazi alipopata nafuu nilimwomba radhi. Alinijibu, "Mwanangu, ungeniambia hawajaona, ningerudi kesho yake."