Kuudhika Si Sawa na Kudhulumiwa

Waswahili husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Jambo lililo dogo kwa mmoja ni zito kwa mwingine. Methali hii inatuingiza katika swali ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatupaswi kuwaachia wanasheria peke yao: mtu akisema ameudhika, je, hiyo inatosha kuthibitisha kwamba ametendewa kosa?

Tuanze na maneno yenyewe. Sisi tunaosoma Uganda tumefundishwa masomo mengi kwa Kiingereza, na lugha hiyo ina maneno kadhaa ya jambo hili: "annoy", "irritate", "tease", "harass". Ni rahisi kuyatafsiri yote kwa neno moja, kuudhi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. "Annoy" na "irritate" hayadai nia yoyote. Nzi anaweza kumtenda mtu hivyo, mvua inaweza, hata sabuni inayowasha ngozi. "Tease" ni tofauti. Zamani lilimaanisha kuchambua sufu kwa kuvutavuta nyuzi zake, na hata leo linamhitaji mtu anayejua anachokivuta. "Harass", hasa katika sheria, linaongeza sharti jingine: kitendo kirudiwe mpaka anayetendewa ataabike au aingiwe na hofu.

Kiswahili nacho kina ngazi zake: kukera, kuudhi, kusumbua, kuchokoza, kunyanyasa. Sarufi yetu hata inatupa kipimo. Tunasema "ameudhika" au "amekereka" bila kumtaja mtendaji, kwa sababu kauli ya kutendeka inaeleza hali ya moyo tu. Lakini kwa kawaida hatusemi "amechokozeka". Tunasema amechokozwa, amenyanyaswa, na papo hapo msikilizaji anauliza: na nani? Maneno ya kundi la kwanza yanaeleza yaliyomo ndani ya anayelalamika. Ya kundi la pili yanamshtaki mtu. Kutoka "nimeudhika" hadi "umenikosea" kuna hatua, na hatua hiyo inahitaji ushahidi.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Nchini Kenya, kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano kilifanya kuwa kosa la jinai kutuma ujumbe unaochukiza mno, au ujumbe wa uongo kwa nia ya kumuudhi mtu. Mwezi wa Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno kiasi kwamba raia hangeweza kujua mapema lipi limekatazwa. Hapa kwetu, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011, kilichomwadhibu mtu kwa kuvuruga utulivu wa mwenzake kupitia mawasiliano ya kielektroniki. Uingereza kwenyewe, serikali ilipotaka mahakama ziweze kumzuia mtu kwa sababu ya usumbufu au maudhi tu, Baraza la Malodi lilikataa mwezi wa Januari 2014. Waliopinga walisema wahubiri wa barabarani, wapiga muziki, hata watoto wanaocheza kwa kelele wangeweza kunaswa. Sheria iliyopitishwa iliweka kiwango cha juu zaidi, ikayabakiza maudhi katika masuala ya makazi.

Hata hivyo, hoja hii ina upande wa pili, nao si wa kupuuzwa. Mchokozi hupenda kujificha nyuma ya neno jepesi. Humcheka mwenzake kila siku kwa lafudhi yake, na akiulizwa hujibu, "Nilikuwa namtania tu." Tukipima tukio mojamoja, kila moja ni dogo, ni sindano tu. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha, na sindano mia si sawa na sindano moja. Tukishikilia kwamba kuudhika si kitu, tutamwacha mtu huyu bila mtetezi.

Kwa hiyo tunahitaji maswali ya kutusaidia kupambanua. Mawili yamo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1997 dhidi ya unyanyasaji wa aina hii. La kwanza: je, mtendaji alijua, au alipaswa kujua, kwamba anamtaabisha mwenzake? La pili: je, alirudia? Sheria hiyo inataka mwenendo wa angalau matukio mawili. Mtu aliyeambiwa "niache", naye akaendelea, amekwisha kutoka kwenye kukera na kuingia kwenye kunyanyasa.

Mimi ningeongeza la tatu, ambalo mila zetu zinalijua vizuri: je, anayetendewa anaweza kujibu? Utani kati ya watani unaruhusu maneno makali kwa sababu kila upande una haki ya kurudisha. Leo unanicheka, kesho nitakucheka mbele ya watu wale wale. Haki hiyo ikiondolewa, utani haupo tena. Mfanyakazi wa nyumbani hawezi kumrudishia tajiri wake, wala mwanafunzi mwalimu anayemsahihishia mtihani. Maneno yale yale yanayochekesha kati ya walio sawa yanakuwa mzigo kwa asiye na kinywa.

Swali hili la tatu linafichua jambo lililonisukuma kuandika insha hii. Mara nyingi maneno hugawanywa kwa upendeleo. Maumivu ya mnyonge hupunguzwa yakaitwa utani, na maudhi ya mkubwa hukuzwa yakaitwa kosa. Raia akimkosoa kiongozi mtandaoni, kiongozi husema amechokozwa, ilhali ukweli ni kwamba ameudhika tu, tena ana kila njia ya kujibu. Msichana akilalamikia maneno anayotupiwa kila jioni njiani, huambiwa asiwe mwepesi wa kukereka. Hapo kamusi imegeuzwa kichwa chini.

Kiswahili kinaruhusiwa na katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Kazi ya kutafsiri sheria, kanuni za shule na taratibu za kazini inaweza kutuangukia sisi tunaokisoma leo. Atakayeandika "kuudhi" mahali palipostahili "kunyanyasa" anaweza kumpeleka kizimbani mtu aliyesema ukweli usiopendeza. Atakayeandika "kutania" mahali palipostahili "kuchokoza" atakuwa amemfungia mlango anayeumia. Kabla ya kuchagua neno, tuulize: alijua? Alirudia? Mwenzake aliweza kujibu?