Gombo la Motoni na Gombo la Mtoni



Mwezi huu Halmashauri ya mtaa imetuomba tuseme neno juu ya kazi ya kuandika, kwa sababu wako vijana, na akina mama wawili watatu, ambao wangependa kuandika katika gazeti letu lakini wanaogopa. Wengine waliandika mara moja, kisha wakaacha. Nasi tunaoandika ukurasa huu tunalo jambo letu la kuwaambia, ila kwanza tufungue Biblia, Yeremia sura ya 36. Anayesoma gazeti hili njiani akitoka kanisani, basi na afungue akifika nyumbani.

Baruku mwana wa Neria hakuwa nabii. Alikuwa karani. Yeremia alikuwa amezuiwa asiingie katika nyumba ya Bwana, hivyo alisema kwa kinywa chake, na Baruku akaandika yote katika gombo. Hayo yalikuwa maneno ya miaka ishirini na mitatu, tangu siku za mfalme Yosia. Alipokwisha kuandika, yule karani ndiye aliyetumwa kwenda kuyasoma hekaluni siku ya kufunga, watu wa miji yote ya Yuda wakisikia. Kisha wakuu wakamwita, akawasomea na wao. Wakamwuliza, umeyaandikaje maneno haya yote? Hakujisifu wala hakujitetea. Alijibu tu kwamba Yeremia alisema, naye akaandika kwa wino.

Ndugu, hapo ndipo tunapoona ujasiri wa mwandishi Mkristo unapotoka. Wengi wetu tunafikiri kwamba mtu hupata ujasiri akisifiwa. Anasifiwa leo, anajiona. Kesho hasifiwi, anaweka kalamu chini. Baruku aliwakabili wakuu kwa sababu alijua kwamba neno si lake. Kazi yake yeye ilikuwa wino.

Gombo likafika mbele ya mfalme Yehoyakimu. Ilikuwa mwezi wa tisa, wakati wa baridi, na moto ulikuwa ukiwaka mbele yake. Yehudi akasoma. Kila alipokwisha kurasa tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Angalieni kwamba kisu kile ni chombo cha mwandishi mwenyewe. Ndicho cha kuchongea kalamu. Wakuu watatu walimsihi mfalme asichome, asiwasikilize. Na Maandiko hayataji nakala nyingine. Ndipo neno la Bwana likamjia Yeremia achukue gombo lingine na kuandika maneno yale yale. Baruku akaketi tena. Tena Maandiko yanasema kwamba maneno mengine mengi ya namna ile yaliongezwa, hata gombo la pili likawa refu kuliko lile la kwanza.

Tukifika hapa hatuwezi kupita bila kuungama. Miaka michache iliyopita, mama mmoja mjane wa mtaa huu alituletea karatasi nne za daftari. Alikuwa ameandika jinsi alivyomwuguza mumewe, na jinsi alivyoomba usiku, na jinsi zilivyokuwako siku ambazo hakuweza kuomba kwa sababu alimkasirikia Mungu. Tulisoma tukaingiwa na hofu. Tulisema, hii si lugha ya gazeti la kanisa. Lakini hatukumwambia hivyo. Tulimwambia, “Mama, tutaangalia nafasi.” Nafasi haikuonekana, na karatasi zikapotea mikononi mwetu. Yehoyakimu alau alichoma mchana, watu wakiona.

Kwaresima iliyopita tulikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Alitukaribisha, akatuwekea viti, akatupa chai, tukasema tulilokwenda kusema. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Mwalimu, mliyopoteza ni karatasi. Maneno ninayo.” Baada ya Pasaka alituletea karatasi sita. Yamo yale ya kwanza yote, na hasira imo, na ameongeza habari za jirani zake waliokuja alfajiri kumchotea maji bila kuulizwa.

Basi ninyi mnaoogopa, au mliowahi kukatwa kwa kisu cha watu kama sisi, ketini tena. Andika ulichokiona mwenyewe. Usiandike kama Askofu ikiwa wewe ni fundi wa baiskeli. Askofu anaye wa kuandika mambo yake. Msomee mtu nyumbani kwa sauti kabla hujaleta, na pale anapopiga miayo pafute. Aya za Biblia zihakikishe, usitegemee kukumbuka. Na usingojee mpaka hofu iishe. Baruku mwenyewe alilalamika, someni sura ya 45, ni fupi sana. Alisema amechoka kwa kuugua na hapati raha. Bwana alimjibu kwamba asijitafutie mambo makuu, lakini atampa uhai wake kila mahali atakapokwenda. Hakuahidiwa sifa. Aliahidiwa kuwa hai, na sisi tunaosoma tunajua kwamba alikuwa hai na alikuwa akiandika.

Lakini liko gombo lingine, na hili watu hawalihubiri mara nyingi. Limo mwishoni mwa sura ya 51. Yeremia aliandika katika gombo moja mabaya yote yatakayoijia Babeli, akampa Seraya, ofisa aliyekuwa akienda Babeli pamoja na mfalme Sedekia. Seraya huyu naye ni mwana wa Neria, ndugu yake Baruku. Aliagizwa kwamba akifika alisome lote, na akisha kulisoma alifunge jiwe, alitupe katikati ya mto Frati. Safari hii hakuambiwa aandike tena, wala aweke nakala. Gombo lilikuwa la kusomwa, kisha lizame.

Gombo moja liliingia motoni, likaandikwa upya. Jingine liliagizwa litupwe mtoni, liachwe. Na yote mawili ni neno la Bwana, kwa nabii yule yule. Shida yetu ni kuyatofautisha. Wako wanaoacha pale ambapo wangeandika tena, kwa sababu walikataliwa. Na wako wanaoendelea kuandika pale ambapo wangefunga jiwe, kwa sababu wamezoea. Sisi twaona hivi: ikiwa neno halijasikiwa, na bado linakuuma usiku, hilo ni la motoni, liandike tena. Ikiwa limekwisha kusikiwa na kufanya kazi yake, nawe walirudia kwa kuwa wapenda kuisikia sauti yako, basi mto uko karibu. Ila tusichanganye mambo. Mwenye kuondoka kwa hasira, kama yule mwimbaji anayeacha kwaya kwa sababu sehemu yake amepewa mwingine, huyo bado hajafika mtoni. Amekasirika tu.

Wazee wetu katika kanisa hili walilijua jambo hili. Mwaka 1888 kule Kiungani, Unguja, misheni ya UMCA ilianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Vijana na walimu walileta habari za vituo vyao, wakajifunza kuandika kwa kuandika. Karne ile haijaisha, gazeti lile lilikuwa limekwisha. Waandishi hawakwisha. Askofu Edward Steere naye, aliyechapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870 na kutumia miaka mingi kufasiri Maandiko, alifariki mwaka 1882 bila kuiona Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja. Ilitoka mwaka 1891, wengine wakiwa wameimalizia. Hata hiyo nayo ilifika wakati wake, na mwaka 1952 ikaja Biblia ya Muungano, ambayo wengi wenu mnayo mikononi mpaka leo.

Sasa jambo letu. Ukurasa huu tumeuandika kwa miaka kumi na moja. Mwaka huu mtoto mmoja wa darasa la kipaimara alitujia na daftari lake, ambalo bibi yake alikuwa amelifunika kwa karatasi ya gazeti letu la zamani. Akatuonyesha jalada, akasema, “Shikamoo Mwalimu. Hii ya Noeli si ndiyo ile ya juzi?” Tukaisoma. Ilikuwa ile ile. Tulikuwa tumebadilisha aya moja na salamu. Mtoto hakuwa na ubaya, alidhani ni desturi, kama vile zaburi zinavyorudi kila mwezi.

Tukisema kweli, hatukulala vizuri. Tulijiuliza, mwalimu mstaafu asiye na ukurasa ni nani? Watu hutusimamisha sokoni kwa ajili ya ukurasa huu. Tulijaribu hata kujiambia kwamba hakuna wa kuushika. Halafu tukakumbuka karatasi sita zilizokuwa mezani.

Kwa hiyo, kwa idhini ya Padri na Halmashauri, kuanzia Majilio ukurasa huu utaandikwa na wengine. Wa kwanza atakuwa yule mama. Maneno yake yatatoka kwa miezi miwili mfululizo, na hatutakata neno lolote ila yeye mwenyewe akitaka. Sisi tutabaki kwenye meza ile ile kuhakikisha aya na kupeleka karatasi kwa mpiga chapa.

Wanaotaka kuandika wampe mzee wa kanisa karatasi zao baada ya Misa ya pili. Andikeni upande mmoja tu wa karatasi, mwandiko usomeke, na jina liwe juu. Na kila mtu abaki na nakala yake nyumbani, mmekwisha kutujua.