JE, MWENYE KUIJUA MITI NI MCHAWI?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha katika ardhi kila namna ya mmea, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: baadhi ya ndugu zetu wa darsa wameuliza juu ya dawa za kuchemsha zitokazo nchi ya Wakisii, yaani Kisii na Nyamira. Wasema: Je, yajuzu Muislamu kuzinywa, ilhali wengi wa wenye kuzitengeneza si Waislamu? Na je, mtu mwenye kuijua miti kiasi hicho, si mchawi huyo? Suala la kwanza ni jepesi. La pili ni zito, kwani kwa ajili yake damu imemwagika.

Kwanza na tuijue nchi yenyewe. Ni nchi ya vilima, yenye mvua nyingi na udongo wa rutuba. Humo hulimwa chai na ndizi na ulezi. Mboga zao tunazijua: chinsaga, ndiyo mgagani wetu, ambayo humlisha mwanamke aliyejifungua ili apate nguvu; na rinagu, ndiyo mnavu wetu. Na wazee wao katika lugha yao hawakuchanganya mambo. Mjuzi wa dawa za miti wamemwita kwa jina lake, nao ni abanyamoriogi. Waungao mifupa, na hata kupasua kichwa cha mtu aliyeumia, ni ababari. Wapiga ramli ni abaragori. Na wachawi ni abarogi. Majina manne kwa kazi nne. Nasi pwani tuna tabibu wa mitishamba, na mpiga ramli, na mchawi. Lakini mara nyingi twawatia wote katika kapu moja, tukawaita "waganga".

Ama kuchukua ilimu ya dawa kwa asiyekuwa Muislamu, hapana ubaya. Mtume (S.A.W.) alipohama kwenda Madina, aliyemuongoza njia alikuwa mushriki, naye alimuamini kwa sababu aliijua njia na alikuwa muaminifu. Na Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya katika kitabu chake dawa zipatazo 1,400, na wala hakuona haya kumtaja Dioscorides na Galen, nao ni Wayunani. Mti ukiponya, haumuulizi mwenye kuuchimba dini yake.

Lakini kinywaji chenyewe kitazamwe. Ulezi ule ule wa Kisii ukipikwa ni uji, na ukichachushwa mpaka ukalevya ni pombe. Nafaka ni moja, na hukumu ni mbili. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Tariq bin Suwayd alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kutengeneza ulevi kwa ajili ya dawa, akamkataza, na akambainishia kuwa huo ni ugonjwa wala si dawa. Basi mizizi iliyochemshwa kwa maji haina makosa kwa kuwa chungu, na tembo halihalaliki kwa kutiwa mizizi.

Sasa tuingie katika suala la pili. Mwezi wa Mei mwaka 2008 katika nchi hiyo ya Kisii watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliripotiwa kuchomwa moto kwa tuhuma ya uchawi. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma hiyo hiyo. Wala tusijidanganye kuwa haya ni mambo ya bara tu. Hapa kwetu Kilifi wazee wameuawa, mwenye mvi akaogopa mvi zake, na mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" pamefichika tamaa ya shamba la urithi.

Huenda mtu akasema: "Je, uchawi haukutajwa katika Qur'ani?" Tutamjibu: Umetajwa, nasi twaamini. Lakini kuamini kuwa wizi uko hakukupi ruhusa ya kumkata mkono jirani yako kwa kuwa umemdhania. Sura ya Al-Hujurat imetuonya na dhana. Mtoto akiugua, na jirani bibi kizee akawa na majani yaliyoanikwa uani, hiyo si dalili ya kitu ila ya majani kuanikwa uani. Na hata ingekuwa dalili, hukumu ni ya kadhi na mahakama, si ya vijana wenye viberiti.

Basi tutapambanua vipi baina ya tabibu na mdanganyifu? Kwa maoni yetu, alama iliyo wazi ni hii: dawa ya kweli yaweza kuelezwa. Nguvu imo katika mti kwa kuwekwa na Mwenyezi Mungu, basi itamfaa kila autumiaye ipasavyo, awe amejua siri au hakujua. Bibi Tu Youyou wa China alisoma katika kitabu cha kale juu ya mmea wa kutibu homa, akafahamu kuwa huenda moto wa kuchemsha waiharibu nguvu yake. Akaitoa dawa bila ya moto mkali, nayo leo yawaponya wagonjwa wa malaria, hata akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ilimu ile ilienea kwa kuwa iliandikwa na kujaribiwa.

Linganisha na kikombe cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Maelfu ya watu, na wengi walitoka Kenya, walifuata dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemwa kuwa yaponya maradhi makubwa kwa kuwa imeoteshwa katika ndoto, na kuwa haifai ila kwa mkono wa mzee yule. Wako walioacha dawa zao za hospitali, na wako waliofia njiani. Hatumtukani mtu, lakini dawa isiyofanya kazi ila kwa mkono mmoja, imetoka katika utabibu. Na sharia yetu humtia dhamana ajitiaye utabibu ilhali hajulikani kwa ilimu hiyo: akidhuru, yampasa kulipa.

Huenda tabibu akasema: "Siri hii ni rizki yangu, nikiitoa nitakula nini?" Neno lake lina haki, na mwenye ilimu alipwe. Lakini na aitazame siri hiyo ina faida gani kwake. Akifa hufa nayo, na wajukuu hubaki na msitu wasioujua. Na angali hai, siri hiyo hiyo ndiyo humtia mashakani. Kwani watu wasichokifahamu hukiogopa, na wanachokiogopa hukichoma.

Basi, ndugu zetu, yatupasa mambo matatu. Wenye kujua miti wafundishe watoto wao wazi wazi, na waandike. Wenye kuugua wasiache hospitali kwa ajili ya chungu, wala wasimfiche daktari walichokunywa. Na sisi sote tuulinde ulimi: neno "mchawi" lisitamkwe juu ya mzee kwenye baraza wala kisimani, kwani alitamkaye huenda nyumbani kwake akalala, na mzee yule asiamke.

Wallahu aalam, na kwake Mwenyezi Mungu ndiko kuwafikishwa.